Fira wa Kwa Mama Vedasto

Watu wa Lusu walimjua Luhende kwa nyoka, basi. Fira akiingia ghalani, pikipiki ilitumwa mbio kumfuata. Fira akishatoka, hakuna aliyekumbuka kumuuliza ameamkaje. Aliwashika kwa kijiti chenye panda, akawatia guniani, akaenda kuwaachia porini. Fedha hakuchukua. Baba yake, aliyemfundisha kazi hiyo, alimwachia agizo moja: mshika nyoka hulishwa pale pale alipomshikia. Kwa hiyo aliwekewa kigoda uani, akala ugali na mlenda, watu wamemzunguka, anawasimulia mpaka jua linapinduka. Tangu mkewe afariki, hicho ndicho chakula pekee alichokula na watu.

Halafu zikaja nyumba za tofali za kuchoma na sakafu za saruji, mahindi yakahamia kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Panya wakapungua, na nyoka nao. Kijiji kizima kikashukuru. Luhende hakushukuru, na tusiwe wepesi wa kumlaumu: msimu mzima wa mvua ulipita bila mtu kupiga hodi kwake.

Asubuhi moja akajikuta uani kwa Imakulata, mjane wa ng'ambo ya mashamba ya karanga, ambaye wote humwita Mama Vedasto. Yeye bado alikuwa na ghala la udongo.

"Karibu, mzee Luhende. Kuna nyoka?"

Angesema amekuja kusalimia tu. Lakini mtu mzima aanzie wapi kusema kwamba ukimya wa nyumbani kwake umemshinda?

"Nimeona mburuzo wa fira," akasema. "Umeingia kwako."

Wakatafuta pamoja. Alipindua vyungu kimoja kimoja, taratibu mno, akasogeza kuni, akachungulia nyuma ya ghala. Mama Vedasto alimfuata na jembe mkononi, akicheka kwa woga. Mchana akampikia. Luhende alirudi kwake akipiga mluzi, mzee wa miaka sitini na tisa!

Kesho yake akaenda tena, na kesho kutwa. "Bado yumo," alisema kila mara, akala.

Siku ya nne alikuta mizigo imefungwa mlangoni.

"Vedasto kasema sitalala nyumba moja na fira. Nakwenda kwake Tabora."

"Mama Vedasto, yule fira..."

"Hujampata, najua. Si kosa lako." Akamkabidhi ufunguo.

Luhende akaupokea kwa aibu. Siku mbili baadaye akampigia simu.

"Nimemshika. Rudi sasa."

"Mungu akubariki! Lakini sirudi, mzee wangu. Hapa kuna wajukuu, kuna kelele. Kumbe huko nilikuwa mpweke, nami sijui." Kisha akakumbuka ile desturi. "Na wewe je, nani kakulisha?"

Luhende alikuwa amekaa kwenye kigoda, uani kwa Mama Vedasto, mafiga yamepoa mbele yake.

"Nimekula," akasema. "Nimeshiba."