Ovaroli ya Dereva wa Greda

Kule Salo Creek, kaskazini kabisa mwa Michigan, mtoto hashonewi vazi la Halowini kwa kipimo cha mwili wake. Anavalishwa kwanza suti yake nene ya theluji, buti na kofia, anasimamishwa katikati ya jiko huku jasho linamtiririka, ndipo mama anamzungushia utepe. Maana siku yenyewe, usiku wa mwisho wa Oktoba, watoto wakipita na mavazi yao kwenye kila nyumba iliyowasha taa kuomba peremende, theluji huwa imeshaanza kumwagika, na vazi lisilopita juu ya suti litaishia kufichwa chini ya koti, na hapo nani atajua kwamba wewe ni malkia? Kwa hiyo siku hiyo watoto wote wa huko huwa wanene. Mizimu minene, wachawi wanene, hata mifupa hunenepa.

Kwa mavazi hayo hakuna aliyemfikia Lorna Heikkinen. Kazi yake ilikuwa kupika shuleni, mwanamke mrefu mwenye mikono iliyobabuka kwa maji ya moto, asiye na maneno mengi akigawa viazi. Lakini mpe katoni tupu uone! Bintiye Britta alipokuwa chekechea alimgeuza jokofu: ukifungua mlango, taa inawaka tumboni, na ndani kuna chupa ya maziwa. Mwaka mwingine alikuwa kiazi cha kuchoma, kimefungwa karatasi ya kung'aa, na kipande cha siagi cha sponji kimelala kichwani. Halafu kuna mwaka ambao Britta alisema anataka kuwa dhoruba. Siyo mtu ndani ya dhoruba, dhoruba yenyewe. Lorna akapasua mito, akavunja feni, na mpaka leo hakuna anayejua alifanyaje, ila mtoto alipopita watu walijikuta wanafunga kola zao.

Kila Oktoba ilipoanza aliuliza swali lilelile: "Haya, mwaka huu utakuwa nini?" Siyo nani. Nini.

Kisha Februari Curt akafa. Curt, mume wa Lorna, alikuwa dereva wa greda la theluji la wilaya, lile linalosukuma theluji barabarani kwa jembe lake la mbele. Upepo ulikuwa unapeperusha theluji barabarani, dereva wa lori la magogo hakuliona greda mpaka alipokuwa ameshaligonga. Walikuja kumwambia Lorna palepale jikoni shuleni, upawa mkononi, watoto wamepanga foleni. Alimmiminia supu mtoto aliyekuwa mbele yake, akamwambia asimwage, ndipo akavua aproni.

Tangu hapo Britta, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alijibu kila kitu kwa neno moja: sawa. Kula, sawa. Lala, sawa. Kila akirudi kutoka shule alikwenda nyuma ya nyumba kwenye sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke, kuwasha moto, hata siku ambazo hakuna anayeoga. Anakaa huko mpaka giza linaanza kuingia. Lorna alimwona dirishani akienda, akajisemea, mwache, anatafuta utulivu wake. Lakini moyoni alikuwa na hofu moja tu: kwamba alimzika mume, na mtoto naye anamtoka taratibu akiwa bado yumo ndani ya nyumba. Akaingoja Oktoba kama mgonjwa anavyongoja dawa.

"Haya, mwaka huu utakuwa nini?"

"Sijui."

"Sijui haishoneki, mwanangu. Sijui ina mikono mingapi?"

Zamani Britta angejibu mikono saba, na yote ya kushoto. Safari hii aliendelea kufunga kamba za viatu.

"Chochote tu, mama. Hata cha dukani sawa."

Cha dukani! Lorna alishika ukingo wa sinki.

Kesho yake, wakikunja pasti, kama sambusa kubwa za nyama na viazi, kwa ajili ya chakula cha shule, alimweleza Eunice Tervo, mwenzake wa jikoni, ambaye pia alikuwa mwamuzi wa mashindano ya mavazi ya Halowini.

"Ameniambia cha dukani, Eunice."

"We! Binti yako wewe? Akija na cha paketi namrudisha mlangoni, nakuambia. Mashindano yetu ni ya vilivyotengenezwa nyumbani tu."

"Siogopi sheria zenu, shoga. Namwogopa yeye. Anaishi kwangu kama mpangaji."

Eunice alibana kingo za pasti kwa uma, akafikiri. "Mtengenezee kitu cha baba yake basi. Si akili yake iko hukohuko?"

Kabla mchana haujaisha Lorna alikuwa ameshaliona: greda la theluji.

Wikendi ile Britta alikuwa kwa bibi yake, mjini Marquette. Lorna akaingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha sauna, na pale msumarini ilikuwa inaning'inia ovaroli ya akiba ya Curt, ya rangi ya chungwa, pana, mtoto angeingia na suti yake ya theluji na nafasi ikabaki. Ilinuka dizeli, tumbaku ya kutafuna, moshi wa kuni na jasho la miaka. Alipoishusha ilimchoma kidogo. Kisha akaliona greda. Mabega yatakuwa paa. Mkanda wa kung'aa utazunguka kama bodi. Mfuko wa kifuani utakuwa kioo. Ni jicho lilelile lililoona jokofu ndani ya katoni, na jicho la namna hiyo likishaona kitu kipya, halioni tena kile kilichokuwepo.

Akaifua. Akaifua tena kwa sabuni kali, mtoto asije akanuka lori mbele za watu. Akaianika kwenye upepo wa baridi mpaka ikakakamaa, akachukua mkasi.

Jumapili Britta alishuka kwenye gari la bibi yake, akapitiliza moja kwa moja hadi sauna. Hakukaa hata kidogo. Alirudi jikoni na viatu vyake vyenye matope, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama, ovaroli ya baba iko wapi?"

Lorna alikuwa anatabasamu mpaka mashavu yanamuuma. "Fumba macho."

"Iko wapi?"

"Fumba kwanza, we mtoto!"

Akalileta. Na kusema kweli hakuwahi kutengeneza kitu kama kile. Jembe la mbele lilikuwa la katoni, amelipinda kwa mvuke wa birika, amelipaka rangi ya njano na kulichubua pale ambapo jembe la kweli huchubuka. Juu ya kofia taa ndogo ya chungwa ilizunguka yenyewe. Britta hakuitazama taa. Alilishika vazi, akazamisha uso kifuani mwake, akavuta pumzi. Akavuta tena, kwapani. Tena, kwenye kola.

"Umeifua."

"Mara mbili! Ilikuwa inanuka, mwanangu, usingeweza..."

"Haikuwa inanuka," Britta alisema. "Ilikuwa inanukia. Ilikuwa inanukia baba."

Birika lilikuwa bado linatoa mvuke. Lorna alifikiria jioni zote zile za sauna iliyowashwa bure, na moshi uliokuwa ukipanda hata siku ambazo hakuna anayeoga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza nitakuwa nini."

"Si lazima ulivae. Nitakwenda dukani sasa hivi, nitakununulia..."

"Nitalivaa," alisema Britta. "Sawa."

Jioni ya Halowini magari ya zimamoto yalitolewa nje kwenye theluji, na banda lao, palipofanyiwa mashindano, likajaa watoto wanene, maboga, na harufu ya juisi ya tufaha iliyochemshwa na mdalasini. Dougie Raatikainen, aliyekuja kama bomba la choo, alipiga kelele tangu mbali, "Jamani tumekwisha! Heikkinen kaja na barabara yake!" Wenzake wakacheka. Halafu Britta akatokeza kwenye mwanga, taa inazunguka kichwani, na kelele zikafa kuanzia mlangoni kwenda ndani. Madereva wa wilaya, waliofanya kazi na Curt, walikuwa wamesimama ukutani. Wakavua kofia zao, mmoja baada ya mwingine. Aliyekuwa mzee kuliko wote akageukia ukuta.

Mkuu wa zimamoto, aliyekuwa mshereheshaji, alikohoa kwenye kipaza sauti. "Haya, binti. Waambie watu. Wewe ni nini?"

Lorna alimwona mwanawe akisogeza mdomo karibu.

"Baba," Britta alisema. "Baada ya kufuliwa."

Mtu mmoja alicheka. Wengine wakatazamana, wakadhani wamepewa ruhusa, wakacheka pia, kicheko cha watu waliotaka sana kucheka, na wengi walikuwa wanafuta machozi. Makofi yakalipuka. Tuzo ya Ubunifu ilitolewa hata kabla watoto wengine hawajapita.

"Umeona?" Eunice alimminya Lorna mkono, macho yamelowa. "Katania! Mtoto kakurudia, mama!"

Lorna alikuwa anapiga makofi. Alipiga kwa sababu kila mtu alikuwa anapiga, na akaendelea hata wenzake walipokwisha kuacha.

Nyumbani Britta alivua vazi polepole, asivunje jembe, akaliweka juu ya kiti. Lorna hakuvua hata koti. Alivuta mfuko wa vipande kutoka chini ya cherehani, akapiga magoti sakafuni na kuumwaga wote. Akachukua kipande cha pindo, akanusa. Bitana ya mfuko. Ukanda wa ndani wa kola, pale shingo inapokaa. Akavipanga upande mmoja vilivyonuka sabuni, na upande wa pili haukuwa na kitu.

Britta alisimama mlangoni akimtazama.

"Usihangaike, mama. Nimeshavinusa vyote."

Nje watoto walikuwa wanapanda njia na mifuko yao ya peremende, wakisukumana na kucheka. Britta alinyoosha mkono, akazima taa ya barazani. Wakaiona nyumba imezimika, wakapita kwenda kwa jirani.