Alasiri ya Kumuaga Paka wa Baba

Mtaani kwetu Mji Mkongwe, mwanamke akitaka kuchinjiwa kuku ilhali mumewe hayupo, husimama mlangoni na kuku wake kwapani akingoja mwanamume apite. Wanawake wa kichochoro chetu hawakuwa na haja ya kungoja, walikuwa wakibisha kwa baba. Alikuwa na mkono mwepesi. Kwanza humnywesha kuku maji, humgeuza kibla, humfunika jicho kwa kiganja asikione kisu, kisha hutaja jina la Mungu na kumaliza kabla kuku hajajua limempata nini. Alichinja hivyo miaka mingi, kuku na mbuzi, wala sikupata kumwona akisita.

Mtu huyohuyo ndiye aliyeshindwa kumwacha paka wake afe.

Paka mwenyewe alimfuata kutoka soko la samaki Darajani, mwaka mmoja baada ya mama kufariki. Baba alishikilia kwamba hakumchukua, kaja kwa hiari yake. Ningemwamini, lakini mfukoni mwa kanzu yake mlikuwa na kichwa cha samaki changu kilichofungwa gazetini. Alikuwa mdogo, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limekatika ncha. Jina hatukumpa. Tulimwita Paka, naye akaitika.

Wiki ya kwanza tu alijua nani ana sauti katika nyumba ile, akajua si mimi. Alilala juu ya msala wa baba, na wakati wa sala ukifika haondoki. Baba husogea, akasali pembeni, akisujudu paji la uso linagusa sakafu tupu. Nikamuuliza siku moja mwenye msala ni nani. Akanijibu kwamba mgeni hafukuzwi. Mgeni huyo alikaa kwetu miaka kumi na mitano.

Jioni walikaa pamoja barazani, wazee wakinywa kahawa na kubishana siasa, Paka katikati yao amefumba macho kama aliyekwishayasikia yote. Watalii wakipita walikuwa wakimpiga picha, na baba akiona kamera huitengeneza kofia yake vizuri, ilhali haikumlenga yeye. Nilikuwa nikiwatazama kutoka dirisha la juu na kucheka peke yangu. Nikiulizwa leo raha ya nyumba ile ilikuwa nini, nitasema ni dirisha lile saa ile.

Kisha Paka akaanza kukonda. Ngazi zetu za mbao ni kali, akawa hazipandi tena, na baba, ambaye magoti yake mwenyewe yalikuwa yanamlalamikia, akawa anambeba. Nilimwita daktari wa mifugo, binti mmoja mtaratibu aliyekuwa akiishi Chukwani. Alimpima, akatwambia figo zimekwisha na mnyama ana maumivu. Akasema tukiridhia, atakuja kumpiga sindano hapahapa nyumbani, alale, asisikie kitu. Baba akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi na kusema katika nyumba yake halifanyiki jambo hilo.

Basi akamtibu mwenyewe. Habbasoda, supu ya changu, kombe la kisomo, yale maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, alilolitia tone kwa tone kwa pamba. Siku nane. Usiku nilikuwa nikimsikia Paka akilia kwa sauti nyembamba ambayo sikuwa naijua. Mimi nina ulimi mkali, nimeurithi kwa mama, lakini mama alijua pa kuuzuia. Siku ya sita nikamwambia, "Baba, anayemtesa ni wewe."

Chai yake ya siku mbili zilizofuata aliinywa barazani, peke yake. Nilijua nimesema kweli na nilijua nimemuumiza, na sikwenda kumtaka msamaha kwa sababu nilisema kweli.

Asubuhi ya siku ya tisa baba alikuwa anapanda ngazi. Paka akasikia makubadhi yake, akajaribu kuinuka aende kumpokea kama siku zote. Miguu ya nyuma ikamkataa, akaanguka ubavu. Baba alimwona. Alikaa palepale kwenye ngazi muda mrefu, kisha akasema nimwite yule binti.

Alikuja baada ya sala ya alasiri. Akavua viatu, akamwamkia baba shikamoo, baba akaitika marahaba na kumtandikia Paka msala wake. Daktari akatueleza kuwa sindano ni mbili, ya kwanza ya kulaza, ya pili ya kuusimamisha moyo. Baba alisikiliza kama fundi anayeelezwa kazi ya fundi mwenzake. Akaomba jambo moja tu, Paka asiione sindano. Binti akaifunika kwa kitambaa. Baba akachovya pamba kwenye maji, akamlowesha midomo.

Sindano ya kwanza ikapita. Paka akalegea, kichwa kikamlalia baba kiganjani. Daktari akachukua ya pili, akauliza kwa upole, "Tayari, mzee?"

Hapo mikono ya baba ikafanya ilichozoea. Ikamgeuza Paka kibla, ikamfunika jicho, na baba akaanza, "Bismillahi, Allahu..." Akakatiza.

Maneno yale kwetu husomewa mnyama wa kuliwa. Sote watatu tulijua. Daktari aliinamisha macho, nami siku nyingine ningecheka. Miaka yote ile, kwa saa kama ile, baba alikuwa na maneno hayo tu, na sasa hayakufaa.

"Nimwambie nini?" akauliza, na hakuwa akimuuliza yeyote.

Kisha akainama mpaka ndevu zikamgusa Paka, akasema, "Niwie radhi."

Kwetu anayeombwa radhi hujibu, na aliyeomba hungoja jibu. Baba akangoja. Alikuwa anangoja kweli, mkono wake haukuondoka, na binti na sindano yake naye akangoja. Nikapiga magoti karibu yake.

"Nshakuwia radhi, baba," nikasema.

Akamwitikia daktari kwa kichwa. Sindano ikaingia. Mbavu za Paka zikashuka, hazikupanda tena.

Tulimzika Chukwani, uani kwa kaka yangu, maana Mji Mkongwe ukichimba unakutana na mawe ya nyumba ya mtu. Baba alichimba mwenyewe na magoti yake yale. Sikumzuia.

Baba alifariki mwaka juzi, mchana, hajaumwa hata mafua. Watu walinipa pole wakasema ni kifo cha watu wema, hakumsumbua mtu. Ni kweli. Lakini kifo cha namna hiyo hakimwachii mtoto nafasi ya kukaa kitandani kwa mzazi na kumuomba radhi. Nikizidiwa hujifariji kwa alasiri ile, kwamba mimi na baba tuliwahi kuyatamka maneno hayo tukiwa sakafuni bega kwa bega. Hunifariji kidogo tu, halafu huikumbuka sawasawa. Yeye aliomba, mimi nikampa. Yangu sikuiomba.