Bi Dunia Asiyejua Kiha

Watu wa Kalinzi walipotaka kumteta Bi Dunia hawakujisumbua kungoja aondoke. Walimteta pale pale mbele yake, kwa Kiha, huku wakimchekea, naye akiwachekea vilevile. "Huyu mama wa Ujiji leo kavaa masweta matatu, na bado anatetemeka," wanasema, na yeye anatabasamu tu, anauliza bei ya ndizi kana kwamba hakuna lililosemwa. Kumbe kila neno linamwingia! Kiha alikinyonya kwenye titi la mama yake. Jamani, ipo aibu mtu anayotendewa na wenzake, hiyo ina nafuu, utalia utanyamaza. Lakini ipo na ile mtu anayojijengea mwenyewe, tofali juu ya tofali, halafu akahamia humo na kuishi.

Mama yake alizaliwa huko huko Kalinzi, milimani, akabatizwa Rozalia. Alishuka Ujiji msichana mbichi, na beseni la ndizi kichwani, akaolewa na Mmanyema mmoja fundi cherehani wa mtaa wa Rusimbi, akasilimu, akaitwa Zaituni. Na Ujiji ya siku hizo ilikuwa na maringo yake, tusidanganyane. Wao waungwana, watu wa kanzu na maulidi. Muha ni mtu wa jembe anayeshuka kuuza maharage na kupanda tena kwao kabla jua halijazama. Bi Zaituni alipong'ang'ana na Kiswahili chake kizito, watoto wa mtaani walimwigiza, na aliyekuwa hodari kuliko wote wa kumwigiza ni binti yake mwenyewe. Siku moja mama alimwita sokoni kwa Kiha, "mwana wanje," mwanangu, kwa sauti. Dunia akageuza shingo, akajifanya si yeye anayeitwa. Nyumbani akasema, "Mama, sema Kiswahili bwana, watu wanatusikia." Mama akaacha. Akaongea na mwanawe kwa Kiswahili cha kuungaunga mpaka anaingia kaburini. Mkataa kwao mtumwa, walisema wahenga, lakini wahenga hawakukulia Rusimbi.

Basi mambo yalikwenda hivyo, Dunia akakua, akaolewa, akawa mfanyabiashara wa mawese anayejulikana soko zima la Mwanga, Kigoma mjini. Mume alipofariki alimwachia nyumba kule Ujiji, karibu na ziwa, nyumba nzuri yenye ukumbi. Ndipo ziwa likapanda. Mlioliona mnajua. Maji yaliingia kwanza jikoni, yakakaa kama mgeni asiye na haraka, kisha yakaingia chumbani, na ukuta wa nyuma ukaanguka mchana kweupe watu wakiangalia. Bi Dunia akahamia kwa wifi yake Mwanga, mama mzima wa miaka hamsini na kitu anapangiwa zamu ya kuoga. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alikaa miezi. Akaapa atanunua kiwanja mahali ambapo maji hayawezi kumfuata tena. Na mahali hapo, ukiuliza mtu yeyote Kigoma, ni juu kwenye kahawa na ukungu, Kalinzi.

Dalali, kijana mmoja wa Kifipa aliyekuwa hajui hata kusalimia kwa Kiha, alimpeleka kwa mjane aitwaye Eufrasia. Kando ya nyumba yake bibi huyo alikuwa na sehemu mbili za ardhi zinazopakana. Ya mbele ilikuwa kando ya barabara, tambarare kidogo, inafaa kujenga. Ya nyuma ilikuwa migomba, na ndani ya migomba hiyo alizikwa mumewe, kama walivyozikwa wengi huku, nyumbani kwao, karibu na watu wao. Ya mbele ndiyo iliyokuwa inauzwa. Mjukuu wake alivunjika mguu vibaya, mfupa haukuunga, ikabidi apelekwe Mwanza.

Wakakaa kwenye benchi, dalali katikati. Bi Eufrasia akataja bei yake kwa Kiswahili. Bi Dunia akaguna, akasema kiwanja kina mteremko. Bibi akashusha. Bi Dunia akaguna tena. Hapo bibi akamgeukia mwanawe Thobias, aliyesimama nyuma yake, akamwambia kwa Kiha, taratibu, bila kushusha sauti: "Hapa tulipofika, mtoto atatibiwa na tutabaki na migomba. Akishuka tena, itabidi tuuze na pale alipolala baba yako. Mungu amtie huruma."

Bi Dunia alisikia. Wallahi alisikia vizuri kuliko alivyowahi kusikia kitu chochote. Na hela alikuwa nayo, tena ya kutosha bei ile na kubaki, imefungwa kwenye kitenge kiunoni. Lakini soko la Mwanga lilimfundisha kwamba muuzaji akishakuonyesha panapomuuma, bonyeza hapo hapo. Mdomo ukatangulia moyo. Akasimama, akakung'uta kitenge, akasema, "Mimi naona nirudi zangu mjini, mama, labda nipate pengine." Akapiga hatua kuelekea barabarani. Bi Eufrasia akamtazama muda mrefu, muda mrefu kweli, kisha akashusha bei tena, akasema kwa Kiswahili, "Njoo. Chukua."

Njia nzima ya kushuka dalali alimsifu. "Mama, wewe kiboko!" Naye alicheka. Alicheka mpaka walipofika Mwanga, na usiku huo chakula kilimshinda.

Alijenga. Nyumba ya vyumba vitatu, bati la kijani, dirisha la jikoni likitazama ile migomba. Na mtu wa kwanza kumpigia hodi alikuwa nani? Bi Eufrasia, na kigae cha makaa ya moto, maana alijua mgeni wa ziwani hawezi kuwasha kuni zenye umande. Kesho yake akaleta maharage. Keshokutwa mkungu wa ndizi. "Shikamoo, mama," Bi Dunia anasema, macho chini. "Marahaba, mwanangu. Umelala? Baridi haikukuonea?" Bora angemtukana! Tusi lingempa mahali pa kushika. Zile ndizi alizipika, akakaa mbele ya sahani, akaona kila tonge linatoka pale pale kwenye migomba iliyotajwa siku ile benchini, akawapa kuku wa jirani.

Mjukuu alirudi kutoka Mwanza anatembea, Mungu ashukuriwe. Lakini hela haikutosha, kama bibi alivyosema haitatosha, na migomba ikauzwa kwa bwana mmoja wa mjini aliyetaka kujenga nyumba ya wageni. Walikubaliana asiliguse kaburi. Mwaka haukuisha, bwana akaleta ramani, na choo cha nyumba ya wageni kikaangukia juu ya marehemu. Akasema atagharimia kuhamisha.

Unadhani Bi Dunia alikaa kimya? Hakukaa. Alishuka mjini kwa huyo bwana, akambembeleza amuuzie ile migomba, kwa bei yoyote, hata akope. Bwana akacheka, akasema hauzi. Alirudi na macho mekundu, akakutana na Thobias njiani, na Thobias akamwonea huruma. Ndiyo, alimwonea huruma yeye! "Mama Dunia, unajihangaisha bure," alisema. "Hili si lako. Wewe ulinunua tu, hukujua kitu." Akamtua hata mkoba, akamsindikiza mpaka mlangoni. Bi Dunia akafunga mlango, akakaa sakafuni na kilemba chake kichwani, akalia kwa haya.

Aseme? Mara ngapi alijiambia leo nasema! Lakini neno moja la Kiha likimtoka, mtu atauliza, ulijifunza lini? Na jibu lake linarudi moja kwa moja kwenye lile benchi. Kwa hiyo uongo ukaendelea kuomba chakula kila siku, na yeye akaulisha. Watoto wa shule walimfundisha kusalimia "Mwakeye", naye akalivunjavunja neno makusudi ili wacheke, wakacheka, wakampigia makofi, mama wa watu anaigiza matamshi yake mabovu kwa lugha ya mama yake mzazi. Wema, mwenye genge la mboga hapo jirani, ndiye aliyejitolea kuwa mkalimani wake. Kwenye vikao, misibani, kanisani alipoalikwa harusi, Wema alikaa ubavuni pake akimnong'oneza: anasema hivi, anasema vile. Bi Dunia akitikisa kichwa, "Ahaa," kana kwamba ndiyo kwanza anasikia.

Siku ya kuhamisha kaburi ilikuwa asubuhi ya ukungu. Majirani wote walikuja, wanaume na majembe yao, wanawake na vitenge mabegani. Bi Dunia alinunua shuka jeupe Mwanga, zuri kuliko yote aliyoyakuta, akalikabidhi kwa mikono miwili. Likapokelewa, na mifupa ya marehemu ikafungwa humo. Katekista akasali. Wakamshusha mzee mahali pake papya, uwanja mwembamba nyuma ya jiko la Bi Eufrasia, kati ya ukuta na kibanda cha mbuzi, maana mahali pengine hapakuwepo.

Kaburi lilipokwisha kufukiwa, Bi Eufrasia akaomba aseme neno na mumewe. Akasimama karibu na tuta, akasema kwa Kiha, sauti yake kavu, bila kulia.

"Baba Thobias, nisamehe kwa kukusumbua ukiwa umelala. Mimi nilifanya nilichoweza. Yule mama aliposhuka kwenye gari nilimtambua, ni uso wa Rozalia mtupu, Rozalia niliyechuma naye kahawa tukiwa wasichana. Kumwomba kwa Kiswahili mbele ya dalali niliona haya. Nikasema kwa Kiha. Nikajua mtoto wa Rozalia atanisikia, ataniongezea. Labda hakusikia. Mtoto amepona mguu, hilo ulijue. Lala hapa, ni padogo, lakini nipo karibu."

Bi Dunia alisubiri wamgeukie. Alitaka wamgeukie, wamzomee, wamvue kilemba, wamrudishe kwa mawe mpaka ziwani. Hakugeuka hata mmoja. Thobias aliangalia jembe lake. Wanawake waliangalia tuta. Umati mzima ulisimama ukichunga usimtazame, na ndipo alipoelewa kwamba wanajua, wote, na hawakuanza kujua leo.

Wema akamsogelea kama kawaida yake, akainamisha kichwa. Akakohoa kidogo.

"Bibi anawashukuru majirani wote waliokuja," akamnong'oneza. "Anasema Mungu awabariki."

Bi Eufrasia alikuwa amegeuka sasa, amesimama hatua chache tu mbele yake, akimtazama usoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja. Bi Dunia akafungua mdomo, na maneno yalikuwepo, yote, tena kwa sauti ile ile ya mama yake, mwana wanje na mengine yote, yamejaa mpaka kwenye meno. Neno moja tu lingetosha. Akayameza yote.

"Mwambie nimeshukuru," akasema kwa Kiswahili. "Mwambie pole sana."

Wema akamtazama, kisha akamgeukia bibi na kuyafasiri kwa Kiha, neno kwa neno, polepole. Na Bi Eufrasia, aliyezungumza Kiswahili na jirani yake huyu kila siku ya Mungu, akasubiri kwa heshima mpaka tafsiri ikaisha, ndipo akaitikia.