Faili Iliyokosekana Kizingitini

Mkubwa wetu wa kompyuta alipoamua kwamba ruhusa zote za usimamizi zitatoka kwenye sava moja hapa Lamu mjini, alitutangazia kama mtu aliyetujengea msikiti. Awali kila zahanati ya visiwani ilikuwa na mtu wake wa kuiamuru mashine. Sasa mashine iulize mjini kwanza: huyu aruhusiwe au la?

Kompyuta ya kijiji cha Kizingitini ikagoma siku hiyo hiyo. Bi aliyetunza kompyuta ya zahanati ya huko alipiga simu: kila akiandika sudo, ile amri ya kuomba ruhusa, anakataliwa. Mkubwa akaiweka simu kwenye spika tusikie sote.

"Umeichezea wewe. Hutaki kunyang'anywa ufalme wako. Ijumaa ikifika haijafunguka, kazi huna."

"Wallahi sijaigusa, bwana."

Akacheka. Na wenzangu wakacheka naye, wanafiki wakubwa!

Nikapanda boti. Niliiwasha mashine kwa flashi niliyokuja nayo, ili niingie bila kuomba ruhusa, nikasoma kosa lililoandikwa: laibrari haipo. Ni faili ndogo tu inayoiwezesha sudo kuiuliza sava. Bila hiyo haimjui mtu. Ilikwenda wapi? Intaneti ya visiwani ni ya kubahatisha, kwa hivyo sisi huandaa diski moja mjini, tukainakili, tukaipeleka kila kisiwa. Mkubwa mwenyewe ndiye aliyeipunguza diski hiyo iwe nyepesi, akaitupa laibrari pamoja na takataka. Kisha akafanya majaribio kwenye kompyuta yake, ambayo haikupunguzwa kitu, akajipongeza. Nyani haoni kundule.

Nikaiweka faili, sudo ikaitika. Bi akainua mikono, "Alhamdulillahi!" Akanilazimisha nile mkate wa mofa na samaki kabla ya kuondoka.

Nilirudi mjini nimefura. Nikamweleza mkubwa mbele ya ofisi nzima kosa lilikuwa la nani, na sikumpunguzia hata neno. Lo, nilivyofurahi!

Aliniambia tu nikae kwenye sava. "Tuone kama inafanya kazi kweli. Mfute yule mama kwenye orodha ya wenye ruhusa."

"Lakini kosa si lake."

"Futa. Au nianze na wewe?"

Nina watoto. Nikafuta.

Muda si muda simu yangu ikalia. "Mwanangu, yanikataa tena," alisema Bi. "Ile faili imepotea tena?"

"Hapana, Bi," nikamwambia. "Sasa mashine ni nzima."