Samaki wa mama alivyougua kila Ijumaa, na mimi fundi wa maji nisijue kwa nini

Wakuu, salaam aleikum na habari za kutwa.

Mimi humu huwa msomaji tu, wa kupita na kucheka. Leo nimeona nami nitoe langu. Sitatia chumvi, chumvi ya kisima chetu hapa Ukunda inatosha.

Kwanza mnijue. Kazi yangu ni kutunza swimming pool katika hoteli moja ya Diani, mwaka wa tisa huu. Ukinitajia habari za maji navimba kichwa. Naangalia kwa jicho tu nakwambia klorini imepungua. Yakumbukeni majivuno haya, tutayarudia.

Babangu alifariki kwetu Msambweni. Mama akakaa eda, na alipomaliza nikamchukua aje akae nami. Niko peke yangu, sina mke kwa sasa (msianze).

Lakini mama aliyekuja si yule niliyemjua. Mama ni mtu wa maneno. Akienda dukani kununua kiberiti hurudi na habari za mtaa mzima. Sasa akawa wa "ndiyo" na "hapana" tu. Chakula ni matonge mawili, kisha anasukuma sahani. Nikirudi kazini namkuta amekaa pale pale nilipomwacha asubuhi.

Niliogopa wakuu. Niliona naye ananiondokea huku namtizama.

Basi pale hotelini wakaanza ukarabati wa mapokezi, na samaki wa pale wakawa wanagawanywa. Nikaomba goldfish mmoja na tangi dogo lenye pampu ya hewa na filta ya sponji. Nikaliweka sebuleni, karibu na kiti cha mama. Pampu nikaiacha sakafuni, chini ya meza.

Mama akamtizama samaki.

"Huyu haliwi?"

"Haliwi, mama. Ni wa kutizamwa tu."

"Makubwa haya."

Siku ya tatu natoka kuoga nasikia mtu anazungumza sebuleni. Nikadhani tuna mgeni. Kumbe ni mama, ameinamia tangi.

"Umeamkaje, Bi Arusi? Na mkia wote huo waburura, waenda wapi asubuhi hii?"

Nilirudi bafuni nikakaa kidogo, maana machozi yalinitoka.

Tangu hapo Bi Arusi akawa ndiye anayepewa habari zote. Bei ya nazi, jirani aliyehama, ndoto ya usiku. Mama akaanza kula, mradi sahani iwekwe mbele ya tangi. Alisema si adabu mmoja ale na mwenzake aangalie, kwa hivyo wakawa wanakula pamoja.

Yakaenda hivyo kama miezi miwili.

Ijumaa moja asubuhi nakuta Bi Arusi yuko juu kabisa ya maji anatwetatweta, mapezi ameyabana mwilini. Mama hajagusa chai.

Hapo ndipo bwana fundi nikapandisha mikono ya shati. Nikamwaga maji yote. Tangi nikalisugua mpaka likang'aa. Sponji ya filta nikaifikicha kwenye mfereji mpaka ikawa nyeupe kama mpya. Nikapima maji kwa vifaa vyangu vya kazini, yako safi kabisa. Nikamwambia mama, sasa huyu anaogelea five star.

Jumapili akachangamka kidogo. Ijumaa iliyofuata, yale yale. Na safari hii alilala chini ubavu, karibu nimwone amekufa.

Mama akasukuma sahani. Akasema kwa sauti ndogo, "Huenda mimi ndiye nisiyedumu na mtu."



Nikaenda kumwona mwenzangu kazini, Mutua, mtu wa Machakos anayetunza bwawa la samaki wa mapambo pale bustanini. Nilikuwa sipendi kumuuliza kitu, kwa sababu ya lile vimbe la kichwa. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ua wa bustani asianguke.

"Ati uliosha sponji na maji ya mfereji? Bro, hapo umeua wadudu wote wazuri. Hao ndio hula sumu ya mavi ya samaki. Na hizo vipimo zako ni za wazungu kuogelea, si za samaki kuishi!"

Akanipa dawa ya matone ya kupimia amonia, ile sumu yenyewe. Nikapima nyumbani: iko juu. Miaka tisa ya kutunza maji, na nilikuwa sijui hata jina la kinachoua samaki.

Nikafuata aliyosema. Kila siku naondoa maji kidogo, kama robo, narudisha mengine ya mfereji yaliyolala kwenye ndoo kutwa nzima ili klorini iondoke. Chakula kidogo tu. Sponji siigusi, na ikibidi, naisuuza ndani ya yale maji ya tangi niliyoyatoa. Mutua akanipa na kipande cha sponji chafu cha kwake nikiweke mle, kije na wadudu wake. Sikuwahi kufurahia zawadi chafu namna ile.

Amonia ikashuka mpaka matone hayaonyeshi kitu. Bi Arusi akarudi kuburura mkia, mama akarudi kwenye sahani. Nikajua nimeshinda.

Ijumaa: yuko juu ya maji, anatwetatweta.

Nikapima. Maji safi. Nikampigia Mutua karibu kulia. Akauliza, "Na Alhamisi kwenu huwa mnafanya nini?"

Nikamwambia hatufanyi kitu. Mimi Alhamisi huwa kazini hadi magharibi, nitajuaje? Nikaomba off Alhamisi iliyofuata.

Baada ya alasiri, mama akainuka na chetezo chake. Makaa, udi, na ubani juu. Hilo si jambo geni, kwetu usiku wa kuamkia Ijumaa nyumba hufukizwa, tangu nazaliwa naona hivyo. Akapita chumbani kwake, chumbani kwangu, mlangoni. Mwisho akaja sebuleni, akakiweka chetezo chini ya meza, ubavuni mwa pampu. Akaongeza ubani. Akatandaza leso yake juu ya tangi na meza ili moshi usipotee, akaanza kumsomea dua.

Nikainama kuchungulia. Pampu inavuta moshi, inausukuma majini. Kila povu lililopanda lilikuwa na weupe ndani, likifika juu linapasuka linatoa kamoshi. Na Bi Arusi katikati.

"Mama, unafanya nini?"

"Namfukiza mgonjwa wangu. Nilipoanza tena kufukiza sikumsahau, na tangu augue nampa maradufu. Babako nlimfukiza hivi hivi."

 

Wakuu, nitamwambiaje moshi ndio unaomuumiza samaki, na ndio moshi uleule aliompa marehemu?

Nikachomoa pampu. Nikadanganya kwamba imepata moto, nikaipandisha dirishani ivute hewa ya nje. Kisha nikabadilisha maji robo. Mama aliniangalia muda wote huo. Nilipomaliza akauliza:

"Ni moshi wangu?"

Sikuweza kumdanganya mara mbili. "Ndiyo, mama. Pampu huuvuta ikautia majini."

Akaketi sakafuni. "Na babako?"

"Baba alikuwa na ugonjwa wa figo, mama. Daktari alitueleza sote wawili, ulikuwepo. Unakumbuka alivyokuwa akiutaka udi wako kule wodini? Ukafukiza shuka nyumbani ukampelekea. Alijifunika mpaka usoni, akasema sasa yuko kwake."

Akasema, "Alisema hivyo, eh?"

"Alisema hivyo, mama."

Akalia. Eda nzima sikuwa nimemwona akilia namna ile. Nikakaa naye sakafuni, kichwa chake begani mwangu, mpaka akanyamaza. Halafu akaniuliza kama kuna kilichobaki jikoni.

Bi Arusi yu hai mpaka leo, amenenepa. Alhamisi mama hufukizia barazani, mlango umefungwa. Akimaliza hukung'uta leso, hunawa mikono, ndipo huingia kumwambia, "Niwie radhi mwenzangu, sikujua."

Funzo mlibebe: angalieni maji, lakini angalieni pia pampu yenu inavuta hewa ya wapi. Udi, dawa ya mbu, marashi, vyote huishia majini. Sponji isisuguliwe mfereji. Na ukiwa bingwa wa maji ya kuogelea, jua huo ni ubingwa wa kuogelea tu.

Juzi mama alitoa kanzu ya marehemu, akaifukiza barazani vizuri, akanivika kwa mkono wake niende nayo msikitini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuigusa tangu msiba. Nikageuka niingie ndani kuchukua kofia, akanishika mkono mlangoni.

"Ngoja hapo hapo, mwanangu. Kofia nitakuletea mimi. Wanukia kama babako, na Bi Arusi hawezi moshi."

Haya wakuu, waliofuga samaki na wanaoishi na mama zao, uwanja ni wenu. Kuhusu mke, nimeshasema msianze.