Woka ya Kijani na Shimo Langu

Majina ninayakumbuka yote. Ya watoto wangu saba, ya ng'ombe waliotuishia mwaka wa ukame, hata la mwalimu wa gumbaru aliyenifundisha kushika kalamu nikiwa tayari nina wajukuu. Hapa sitaandika hata moja. Wenyewe wako hai, tunakutana sokoni.

Huyu nitamwita mjukuu tu. Ni msichana, mtoto wa mwanangu wa mwisho. Mwanangu anaendesha lori la mbuzi kutoka Merti, leo yuko, kesho hayuko. Mke wake ameandikwa kazi ya ofisi. Mtoto alipofika miezi mitatu, mama yake akarudi kazini, mimi nikaachiwa mtoto. Sikumchukua kama mzigo, hapana. Nilimchukua kama mtu aliyepewa ngamia wa maziwa. Asubuhi namfunga mgongoni kwa leso, tunazunguka mtaa wetu wote wa Chechelesi, dukani, kwa jirani, kwenye bomba. Akilia naimba kidogo, ananyamaza. Mtu mwingine akimbeba, analia mpaka arudishwe kwangu. Mama yake mwenyewe, ambaye huniita Akko, yaani bibi kwa lugha yetu, alisema, "Akko, huyu ni wako." Nilifurahi wiki nzima.

Sasa kuna shosho yake, mama wa mke wa mwanangu. Ni Mmeru, ana duka la vyombo mjini. Ni mtu mzuri. Nimeandika hivyo mapema kwa sababu mengine nitakayoandika si mazuri.

Mtoto alikuwa na miezi saba. Alasiri moja shosho akaingia na katoni kubwa kichwani.

"Habari ya hapa, mzazi mwenzangu? Nimeleta miguu ya mtoto!"

Akatoa kitu cha plastiki, kijani, kina magurudumu chini na kiti cha kitambaa katikati. Wanaita woka. Mtoto anatiwa kwenye kiti, vidole vinagusa sakafu, akisukuma anakwenda. Mbele kuna vitufe. Ukibonyeza kimoja kinaimba, kingine kinalia kama bata.

Mjukuu akatiwa. Akabonyeza, bata akalia, na mtoto akacheka. Si kile kicheko changu nilichokizoea. Kicheko kikubwa, cha tumbo, mimi sikuwahi kukipata. Akateleza juu ya simiti mpaka ukutani, akagonga, akacheka tena.

"Umeona?" shosho akasema. "Huyu hafiki mwaka kabla hajatembea. Wewe pumzisha mgongo, mama. Umezeeka."

Umezeeka! Nikamwekea chai, na sukari nikaipunguza makusudi.

Kuanzia siku hiyo mtoto akanikataa. Nikimfunga mgongoni anajinyoosha kama kijiti, anaelekeza mikono kwenye woka. Nikiimba, anamtafuta bata. Mimi nimeonea watu wivu maishani, sikatai. Nilimwonea wivu mke mwenzangu, Mungu amrehemu, kwa sababu ya chumba chenye kivuli. Lakini plastiki? Nilikuwa nikiipita pale pembeni naitazama vibaya, kama mtu tuliyegombana.

Ndipo nikakumbuka shimo.

Zamani kule Merti, mama zetu walichimba shimo dogo kwenye mchanga wa karibu na mto. Kina chake kinafika kiuno cha mtoto. Unatandika kitambaa, unamkalisha mtoto ndani, mchanga unamshika pande zote, anakaa wima haanguki, wewe unakamua ng'ombe. Wanangu wote saba walikaa shimoni. Nikajiambia: shosho ana woka, na mimi nina yangu.

Nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini, nikachimba kwa panga na mkebe. Nikatoa mawe, nikaangalia siafu, nikatandika leso kuukuu. Asubuhi mama yake akishaondoka, nikamtia. Nikampa kijiko na kikombe cha bati. Aliketi pale kama bibi harusi, anachota mchanga, ananitazama. Kila akiinua macho alinikuta mimi, hakuna bata. Nilimwacha mpaka adhuhuri. Siku ya pili hivyo hivyo, ya tatu pia. Woka nikaifunika gunia.

Siku ya nne shosho alikuja mapema, na ndizi. Hakupiga hodi mbele, alizunguka nyuma. Nilisikia mayowe tu.

"Yesu wangu! Mzazi mwenzangu, unamzika mtoto akiwa hai?"

"Nani anazika? Amekaa."

"Amekaa wapi? Naona nusu! Nusu nyingine iko wapi?"

"Iko na miguu yake. Wangu saba walikaa hivi, na wote wanatembea. Mmoja anatembea mpaka kwa binti yako."

Hakucheka. Akamtoa mtoto, akampangusa kwa nguvu kama anayesugua sufuria, akamngoja binti yake. Jioni hiyo akasema mbele yangu, "Kesho mtoto anashinda kwangu dukani." Nikahisi mgongo wangu umekuwa baridi, pale pale leso inapofungwa. Mke wa mwanangu akatutazama wote wawili, amechoka na viatu bado mguuni.

"Kesho ni kliniki ya miezi tisa," akasema. "Mtakuja wote. Tutamuuliza sista, na atakachosema ndicho."

Sista alikuwa msichana mdogo, umri wa wajukuu wangu wakubwa. Baada ya sindano akamshika mtoto kwapani, akamsimamisha juu ya meza. Mtoto akasimama kwa ncha za vidole, visigino hewani.

"Kuna woka nyumbani?" akauliza.

Shosho akainua kidevu. "Mimi ndiye nilinunua."

"Shosho, woka haifundishi kutembea. Mtoto anasukuma kwa vidole, uzito umebebwa na kiti. Miguu yake haioni, kujishika asianguke hajifunzi. Wengine hata huchelewa. Na inakimbia, dakika moja yuko kwa jiko au amebingirika kwenye ngazi."

"Sista," nikasema, "hebu rudia. Sikio langu moja ni bovu."

Akarudia. Hiyo ilikuwa asubuhi tamu, siwezi kudanganya. Halafu shosho akasema polepole, "Sasa mwulize yeye juu ya shimo."

Nikaeleza. Sista alicheka mpaka akafuta machozi, lakini hakunidharau. Akauliza anakaa muda gani. Nikasema, mpaka adhuhuri.

"Akko, kukaa kidogo si vibaya. Lakini asubuhi nzima? Woka inamshika, shimo linamshika. Hata mgongoni siku nzima, ameshikwa. Hawezi kugeuka, hawezi kutambaa. Mtandikieni mkeka, kaeni karibu, mumwache."

Tulirudi nyumbani. Shimo nililifukia mwenyewe. Woka iko juu ya kabati, imepinduliwa, imewekwa vitunguu. Mtoto alibaki nyumbani nami, ila shosho akaanza kuja kila alasiri, kuangalia kama nimechimba tena.

Mkeka nao nikauonea wivu. Mtoto ananung'unika pale katikati, mikono yangu inawasha, na mimi nimeikalia ili isimchukue. Wiki ya pili akatambaa. Wiki zikapita, na alasiri moja shosho ameketi kwenye kochi, mtoto akaenda mpaka kwake, akashika pindo la rinda, akajivuta. Akasimama. Nyayo zote mbili chini.

Kwa shosho. Si kwangu.

Shosho hakupiga kelele. Akanitazama. "Usinikasirikie, mzazi mwenzangu."

"Sijakasirika," nikasema, na moyo unawaka kama pilipili. Ningeweza kunyoosha mikono tu, angerudi chini atambae kwangu mbio. Nilijua. Badala yake nikainuka, nikaenda kukaa mwisho wa mkeka, hatua nne kutoka kochini, nikaweka mikono chini ya mapaja.

Aliachia rinda, akainua mguu mmoja, akaketi kwa makalio. Wote wawili tulishtuka tukainuka, na wote wawili tukakaa tena.

Mpaka leo hajafika. Jana alipiga hatua mbili kati ya zile nne. Kila alasiri nakaa pale pale mwisho wa mkeka, na shosho akihamia karibu nami namwambia arudi kwenye kochi lake.