Nati za Koki ya Pipa

Kwa nini nati za plastiki zilipasuka kwenye meno, hata zilipokazwa kwa mkono tu? Msimu ule sikuwa na jibu. Nilikuwa na mshukiwa. Pipa ambalo mama alinyweshea miche ya nyanya shambani Ngao lilivuja penye koki kila baada ya wiki chache, na kiangazi kilikuwa kikali. Nilibeba nati mbovu hadi Garsen, kwa mwenye duka aliyetuuzia.

"Hizi ni feki," nikamwambia.

Akacheka. "Dada, jua lote hili unaliacha, unanikamata mimi?"

Nilikata moja kwa kisu mbele yake, nikitafuta dalili za plastiki iliyoyeyushwa upya. Sikuona kitu, nikazidi kumshuku. Nikanunua nyingine kwa jirani yake. Mama akaipaka sabuni ya kipande kwenye meno, kama alivyozipaka zile za kwanza na kama wafanyavyo mafundi wa pampu mtoni, ili isivuje. Nayo ikapasuka, na miche mingi ikakauka.

Miaka mingi baadaye, kazini, nilijifunza kwamba plastiki ya aina ile ikikazwa huku imepakwa sabuni, hupasuka yenyewe polepole.